Sista Amenikataza Kucheza

Jumatatu, 5 Julai 1954

Nimerudi kutoka hospitali ya misheni. Habari mbaya. Moyo wangu umepanuka!

Sista daktari aliniwekea ule mpira wake kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni. Kisha akasema kuna mlango ndani ya moyo haufungi vizuri, damu inarudi ilikotoka, ndiyo maana nahema nikipanda kilima na miguu inavimba jioni. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani, miguu yangu inavimba kwa kukanyaga. Akasema cherehani haina hatia.

Masharti: chumvi marufuku. Kidonge kimoja kila asubuhi. Kulala nimeegemea mito mitatu. Na ngoma, basi.

Basi! Mimi, Athanas Maduhu, manju, mwimbishaji mkuu wa kundi la ngoma la Wagalu wa Kharumwa, niache ngoma mwezi wa Julai, watu wameshavuna, na mashindano yetu na Wagika ni Jumapili ya tarehe 18! Nikamwomba ngoma moja tu. Akakataa. Nikamwomba nusu. Nikamwomba niimbe nimesimama, mabega yatikisike kidogo. Akaniuliza kama nadhani tuko sokoni.

Nikamwuliza nitaishi muda gani. Akasema hajui. Pengine miaka mingi, pengine la, tutazame kwanza dawa inavyokwenda. Mtu amesoma Ulaya miaka yote hiyo, hajui!

Febronia, mke wangu, amenishika mkono njia nzima. Si kawaida yake.

Jumanne, 6 Julai 1954

Nimeamua: iwe siri. Januari asijue kabisa.

Januari ndiye manju wa Wagika. Ni fundi baiskeli, kibanda chake kinatazamana na baraza ninaposhonea, hata nikipiga chafya anajua. Na mashindano yetu hayana hakimu. Ngoma mbili zinachezwa uwanja mmoja, wakati mmoja, na watazamaji wenyewe wanahamia kwenye ngoma inayowavuta. Ukibakiwa na watu wachache umeshindwa, na utaimbwa kwa dhihaka mpaka mavuno mengine. Mwaka jana nilibakiwa na mama mkubwa na mbwa. Mbwa naye baadaye aliondoka.

Mchana ugali na mlenda bila chumvi. Nimekula. Sitaandika zaidi.

Viatu vimekataa kuingia. Nimewaambia wateja ni shibe ya mavuno. Mama mmoja akauliza ni shibe gani hiyo inayokaa kwenye vifundo vya miguu.

Moyo unaruka. Unakwenda, unasita, unakwenda tena. Ukisita nami nasita kuusikiliza. Leo kwa kusikiliza nimeshona mkono wa shati la mtu kwenye shingo. Naogopa. Nimeandika hapa, kwingine sitalisema.

Jumapili, 11 Julai 1954

Siri imekwisha. Lo!

Katekista Theonest, alipomaliza kutangaza ndoa, akawaomba waumini wote wamwombee Athanas Maduhu, yule manju, ambaye moyo wake ni mbovu na anaweza kuitwa wakati wowote. Kanisa zima likageuka! Wengine walisimama ili wanione vizuri. Aliyempelekea habari ni Febronia. Nikamwuliza nje kwa nini amenianika hivyo. Akasema kwa mtu mkaidi kama mimi sala za mke mmoja hazitoshi.

Jioni Januari akaja kunipa pole. Akakalia kiti changu cha kazi. Akasema nisiwe na wasiwasi, nikiondoka atawaangalia Wagalu wangu kama watoto wake. Akasema pia kwamba mwaka huu dawa yake ya kuvuta watu imetoka kwa mganga wa Ntuzu, si mchezo. Kisha akakaribishwa chakula. Akaonja mchuzi. Akaweka tonge chini, akasema sasa anaamini kweli naumwa.

Jumanne, 13 Julai 1954

Nimepata!

Sista amekataza kucheza. Hakukataza kubebwa! Nitaingia uwanjani juu ya kitanda cha kamba, vijana wananibeba mabegani huku wakicheza, mimi juu nimeegemea mito mitatu kama alivyoagiza mwenyewe. Naimba tu. Hakuna manju aliyewahi kuingia hivyo, si Geita, si Kahama, si Shinyanga yote. Januari na mganga wake wa Ntuzu watatafuta pa kujificha.

Vijana wamefurahi sana. Isipokuwa Valerian, mbebaji wa mbele, ambaye ameuliza nikifa nikiwa juu yake afanye nini. Nimemwambia asipoteze hatua.

Febronia nimemwambia nakwenda kutazama tu. Ni kweli. Ukiwa juu unatazama vizuri zaidi.

Ijumaa, 16 Julai 1954

Suala la vidonge. Kila manju anajua kwamba dawa ya mashindano huongezwa siku zikikaribia. Hakuna anayejipaka siku ya mwisho kipimo cha siku ya kwanza. Sista si mtu wa ngoma, hawezi kuyajua haya, simlaumu. Jana nimemeza viwili, leo vitatu.

Nguvu naiona inakuja. Chakula kinanikataa kidogo, lakini chakula chenyewe hakina chumvi. Na kila kitu kimekuwa cha manjano! Ukuta, mbuzi, Febronia. Dalili njema, dawa imeshika. Febronia akaniuliza kwa nini namkodolea macho. Nikamwambia anang'aa. Akafurahi, maskini. Sijamwambia neno la namna hiyo tangu Epifania wetu azaliwe.

Jumatatu, 19 Julai 1954

Naandika nikiwa hospitali. Lazima niandike, maana watu watasema uongo.

Watu jana! Sijaona. Kulikuja hata lori la wachimbaji kutoka mgodini Geita. Nilipoingia juu ya kitanda, Wagika walikuwa wamekwisha kukusanya nusu ya uwanja. Nikafungua mdomo, nikaimba, na watu wakaanza kuhama. Wakahama wote! Akina mama, wazee, wachimbaji, mpaka muuza karanga wa Januari. Nikainua mikono. Nikamsikia mchimbaji mmoja akimwuliza mwenzake kama ndiye yule anayekufa. Mwenzake akajibu ndiye, sogea mbele tusikose.

Hawakuja kunisikiliza. Walikuja kuona kama nitakata roho! Iliniuma kidogo. Lakini watu ni watu, uwanja hauulizi wamefuata nini.

Sasa sikia uovu wa Januari. Alipoona amebakiwa na wapiga ngoma wake tu, akashika kifua, akapiga kelele, akaanguka chali! Anatupa miguu! Kundi lote likakimbilia kwake. Mgonjwa halali ni mimi, niliyepimwa kwa mpira na Sista, halafu fundi baiskeli mwenye afya ya punda ananiibia ugonjwa wangu mbele za watu!

Hasira zikanipanda. Nikashuka kitandani. Nikasimama, nikakanyaga ardhi, nikaachia mabega kama zamani. Kidogo tu. Uwanja wote ukawa wa manjano. Moyo ukasita, nikausubiri, haukuja haraka. Nikatapika, nikaanguka.

Na unajua watu walisema nini? Walicheka! Walisema aa, huyu naye anamwiga Januari, na hata kuanguka hajui. Hakuna aliyesogea. Nimelala pale, mdomo umejaa vumbi, sina pumzi ya kusema kwamba yangu ni ya kweli.

Walikuja wawili tu. Mmoja Febronia, ambaye kumbe alikuwa amesimama nyuma ya lori muda wote. Wa pili Januari. Aliuona uso wangu akiwa amelala kwake chini, akaacha kufa, akaruka, akapita katikati ya watu akiwatukana. Yeye ndiye aliyeninyanyua. Yeye ndiye aliyemshika shati dereva wa lori mpaka akawasha.

Njiani kichwa changu kilikuwa mapajani mwa Febronia. Alilia, akanitukana, akalia tena. Akasema yeye hana shida na manju, mamanju wapo tele, anamtaka Baba Epifania, mzima, hata kama hawezi kuimba wala kushona. Akasema kila ninapolala anaamka kusikiliza kama bado napumua. Sikujua. Nikashika ncha ya kanga yake, sikuiachia mpaka tulipofika. Nilidhani nakufa na sikutaka.

Ijumaa, 23 Julai 1954

Rangi zimerudi. Mbuzi wa misheni ni weupe.

Sista alihesabu vidonge vilivyobaki, akaniangalia. Nikamweleza kuhusu dawa ya mashindano kuongezwa. Alikaa kitandani kwangu, akafunga macho muda mrefu. Nadhani alikuwa anasali. Kisha akasema kwamba kilichotaka kuniua si moyo, ni mimi. Vidonge sasa anavitunza Febronia, amevifunga kwenye pindo la kanga.

Januari amekuja na ndizi. Hakukaa kwenye kiti changu maana hapa sina kiti. Akasema Wagika na Wagalu wamekubaliana hakuna mshindi, na kwamba siku ile nilimtisha vibaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamshukuru kwa lugha yetu, wabeja. Akasema nisimwambie mtu.

Marudiano ni mwisho wa Agosti, Kagongwa.

Jumapili, 1 Agosti 1954

Leo nimeapa. Mbele ya Sista, mbele ya Febronia, mkono juu ya rozari. Sitacheza. Sitaimba. Sitasimama uwanjani. Sitabebwa juu ya kitanda. Sitaongeza kidonge. Nimeyarudia yote kwa sauti na Sista ameridhika. Nami nimeapa kwa moyo wangu wote, huu huu uliopanuka.

Baada ya Misa nikamwita Donatus, seremala wa misheni, anitengenezee jeneza. Akashtuka, lakini kazi ni kazi. Akanipima kichwa mpaka vidole.

Febronia akatukuta katikati ya kipimo. Akaketi chini palepale, akalia, safari hii kwa utulivu. Akasema anamshukuru Mungu, kwamba hatimaye mume wake ameacha ubishi na anajua ni mtu wa kufa. Akanishika mkono. Nikamwambia ni kweli, nimeelewa. Nikajisikia vibaya kidogo, halafu nikaufikiria uwanja wa Kagongwa, Wagalu wakiingia polepole, bila ngoma, wamelibeba mabegani, na Januari akitazama watu wake wakihama mmoja mmoja.

Donatus amerudi jioni kuuliza kama kifuniko akipigilie misumari. Nimemwambia atie komeo, kwa ndani.