Kengele ya Foleni na Waya Mbili

Jumatatu, 3 Juni
Nimejiponza. Mkuu wa ofisi aliuliza kikaoni nani anaweza kumaliza fujo ya foleni pale dirishani. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Nikasema nitaunda mtambo: kompyuta ndogo ya bodi moja, isiyozidi kiganja, itume namba ya mteja kwenye skrini ya mlangoni na kupiga kengele. Mkuu akasema ataiona Ijumaa, na papo hapo ataamua kama ananithibitisha kazini. Bwana Tai, karani mwenzangu anayevaa tai hata ya kulalia, akaniuliza kama nimewahi kuiona hiyo bodi. Nikamwambia naam. Kwenye picha.

Jumanne, 4 Juni
Bodi nimeazima kwa binamu. Ina pini nyingi kama kitana. Nimeunganisha kwa utaratibu wa masjala: pini ya kutuma ya bodi na pini ya kutuma ya skrini, ya kupokea na ya kupokea. Za kwenda pamoja, za kuja pamoja, kama tunavyopanga faili. Kazi safi. Skrini imeninunia.

Jumatano, 5 Juni
Nimebadili mipangilio ya pini. Sasa kila nikituma ujumbe wa majaribio, kengele inalia. Kumbe nimeiweka kwenye pini ileile ya kutuma. Ofisi nzima ikadhani ni saa ya kula, ikatoka. Mkuu akiwa mbele. Tukabaki mimi na wateja, tunatazamana.
Kengele nimeihamisha. Skrini bado kimya. Nyumbani dada akauliza mbona nachora pini kwa kijiko kwenye ugali. Nikamweleza. Akasema, mdogo wangu, kamwambie mkuu wako umeshindwa, yaishe. Dada hajui siasa za ofisi.

Alhamisi, 6 Juni
Nina mbinu. Nimemwomba Bwana Tai ailinde bodi nikiwa chakulani. Kesho ikigoma, nitasema aliishika yeye.
Nimerudi, namkuta anapiga mluzi. Waya mbili amezigeuza: ya kutuma sasa inaingia pini ya kupokea, ya kupokea inaingia ya kutuma. Hujuma, mchana kweupe! Sikuzirudisha. Ushahidi hauguswi.

Ijumaa, 7 Juni
Mkuu mbele, wenzangu nyuma yake, hotuba ya kumshtaki Bwana Tai mfukoni. Nikawasha. Kengele ikalia. Skrini ikaandika: MTEJA WA SABA, KARIBU DIRISHANI. Mama mmoja mwenye mwavuli akainuka, akaenda, akahudumiwa. Watu wakapiga makofi. Nimethibitishwa.
Ndipo nikaelewa. Siku zote nilikuwa nimekutanisha mdomo na mdomo, sikio na sikio. Bwana Tai alikuwa ameduwaa, tai imekaa upande.
Mkuu akauliza kama kabodi hako kanaweza pia kufungua geti la magari. Mkono ukanyanyuka wenyewe. Nimesema Ijumaa ijayo.
Mota ya geti sijawahi kuiona hata kwenye picha. Lakini Bwana Tai yupo. Nitamwomba ailinde.