Mdudu wa Baba Selvi

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Daktari Yazhini amerudi kwa basi la Tenkasi na sinia lake jeupe, brashi ya kuchorea na vichupa. Si daktari wa watu, ni wa wadudu; hupiga matawi kwa fimbo wakamdondokea siniani. Amekonda. Nikampa idli sita, vile vitumbua vya mvuke, akala mbili. Nikamwambia kwa mwili huo akipiga tawi, tawi litamrudishia. Atakaa kwangu mpaka Jumapili.

Habari kubwa. Vidudu alivyoangusha mwaka jana kwenye matawi makavu ya mlonge wangu ni vipya. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuviandika. Anaviita thripi. Vyeusi, vyembamba kama uzi uliokatwa, hula kuvu ya miti mikavu na havina ugomvi na mtu. Sasa anaandika maelezo yake, na maelezo lazima yawe na jina. Jina huchagua yeye. Anaweza kuchagua hata la mtu.

Mlonge ule aliupanda Baba Selvi, Mungu amrehemu. Selvi ndiye mtoto wangu wa pekee, naye kazaa wasichana wawili. Kwetu jina la babu hubebwa na mjukuu wa kiume. La Baba Selvi halikupata wa kulibeba, ukutani imebaki picha yake tu. Basi mdudu atalibeba.

Kikwazo kimoja. Mume hatajwi. Sijatamka jina lake miaka arobaini na minane, na kufa kwake hakukunipa ruhusa. Wala humu siliandiki. Itabidi huyu binti daktari alifikie mwenyewe.

Jumanne, 4 Novemba

Leo mafumbo. Jina la Baba Selvi ni la mkuki, ule wa mungu apandaye tausi. Nikashika mchi, nikausimamisha kama mkuki, nikasimama mguu mmoja kama tausi mbele ya binti. Akanitazama sana. Kisha akasema kweli kabisa Bibi, mkia wa mdudu huyu umechongoka kama mkuki, akashukuru na kuandika.

Sasa mdudu ana mkuki na mume wangu hana kitu.

Jirani yangu Ponnuthayi alikuwa uzioni akichungulia. Akauliza kama nimeshikwa na mkakamao, aniletee mafuta. Ponnuthayi huyu hawezi kuona mtu amesimama asitake kujua anasimamia nini. Mumewe Karuppaiah yuko hai, na hiyo ndiyo sifa yake pekee.

Jumatano, 5 Novemba

Balaa. Binti ana majike kumi na moja, dume hana hata moja. Wanawake kumi na mmoja bila mwanamume, kama foleni yetu ya maji. Anasema bila dume maelezo yatachechemea, na huenda akaahirisha mpaka mwakani. Mwakani mimi nani ananihakikishia?

Nikafikiri. Dume hufuata chungu cha wali, hilo halihitaji shule. Nikamwagia matawi makavu maji yote ya wali ili kuvu inenepe.

Alhamisi, 6 Novemba

Siafu. Baada ya siafu, kuku wa Ponnuthayi. Matawi yamedonolewa yakawa kama meno yangu.

Binti hakukasirika. Akanieleza polepole kwamba kuvu anayoitaka ni ile ya vumbi jeusi kwenye vijiti vilivyoloa na kukauka vyenyewe. Vijiti vya namna hiyo viko wapi? Kwenye uzio wa Ponnuthayi, na ni vya mlonge wangu, vilianguka upande wake akavinyakua.

Nikaenda nikakumbatia mzigo mzima. Ponnuthayi akatoka na kijiko mkononi. Akauliza kama kwenye darasa la watu wazima walitufundisha herufi au wizi. Nikamjibu walitufundisha kusoma, na uzio wake nausoma ni wangu.

Binti akapiga tawi la kwanza kwa fimbo, sinia chini yake. Akainama. Akalamba ncha ya brashi, akachovya, akainua kitu ambacho mimi sikukiona. Dume. La pili, dume tena. Akanikumbatia hadi nikasikia mbavu zake. Nikamkaangia mayai matatu na nikamsimamia ayamalize.

Ponnuthayi akapaza sauti kutoka kwake: Mama Selvi, unataka mumeo aitwe chawa? Nikamwambia huyu si chawa. Anakula alichopewa na hamsumbui mtu, na Baba Selvi alikuwa hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimepata. Kwetu vyombo vyote huchongwa jina la mwenyewe. Nikamletea binti maji kwenye kopo la shaba, nikamwambia jina la aliyepanda mlonge limechongwa ubavuni, aliandike kama lilivyo. Akalifuta kwa sari yangu, akasoma kimoyomoyo, akauliza kama ndiye huyu kweli. Nikainamisha kichwa kama inavyompasa mke. Akaandika.

Nikalia kidogo. Miwani nilikuwa nimeivua mapema, kwa sababu miwani na machozi haviendani.

Mwanamke asiye na shule kawashinda wenye shule.

Jumanne, 10 Machi

Binti amekuja na karatasi zilizochapwa. Nikakusanya mtaa mzima barazani, nikapika kahawa. Hata Ponnuthayi na mumewe nikawaalika, wapate kuumia vizuri.

Akasoma. Mdudu anaitwa *karuppaiahi*, kwa heshima ya marehemu Karuppaiah, aliyepanda mlonge.

Karuppaiah alikuwa amekaa pale akitafuna murukku. Akaacha kutafuna. Akajigusa kifua. Ponnuthayi akauliza kwa sauti ya kutisha ni nani amemfanya mjane. Kopo likaletwa, nikavaa miwani. Ni la kwao. Lilikuja kwangu na mchuzi siku moja, na sikulirudisha kwa sababu yeye ana ungo wangu.

Binti anasema jina likishachapwa halibadilishwi, hata likikosewa. Karuppaiah sasa ameamka kutoka kwa wafu na anataka apigwe picha chini ya mlonge wangu.

Binti akanishika mkono akaomba msamaha. Akasema kwenye vijiti vile vile kuna thripi mwingine, wa rangi ya asali, naye hana jina. Akanisihi: Bibi, safari hii sema tu, au liandike. Nikamjibu: Mwanangu, sitaki kumvunjia heshima aliye ukutani.

Lakini mafumbo nimeacha, na makopo nimeacha. Dawa ni kumtuma mtu anayelijua jina vizuri na asiyekatazwa kulitamka. Nimemwomba Ponnuthayi. Kwanza alikataa, kisha akafikiri, kisha akakubali kwa moyo mkunjufu ambao sikuutarajia. Ameapa kwa mamaye. Sasa hivi yuko na binti chini ya mlonge, anamtajia herufi moja moja, nyingi kuliko nilivyozikumbuka, na nawasikia wanacheka.

Moyo wangu umetulia kabisa.