Bolti ya Lori la Theluji

Jumatatu, 4 Novemba
Bolti imekatikia ndani ya injini ya lori la mji la kusukuma theluji. Ilikatika yenyewe. Mimi nilishika spana tu, na bomba la futi nne nililochomeka kwenye mpini wake kuongeza nguvu. Mzee Haugen, mwenye karakana, anaondoka Jumamosi kwenda Arizona kukwepa baridi. Kasema atakayeitoa bolti hiyo kabla theluji ya Ijumaa haijaanguka ataachiwa funguo za karakana mpaka Aprili. Tuko wawili: mimi, na Marlys mchomeleaji, dada wa mke wangu. Miaka kumi na tisa meza yangu iko mlangoni, ambako kahawa huganda. Meza ya mwenye funguo iko kando ya jiko.

Jumanne, 5 Novemba
Nimetoboa bolti katikati. Karibu na katikati. Nikapigilia ndani kile chuma cha meno ya kinyume cha kung'olea bolti. Nikazungusha taratibu. Kisha si taratibu. Chuma nacho kikakatikia humo. Sasa kuna kilichokwama ndani ya kilichokwama, na hiki cha pili hakuna kekee yetu inayokitoboa. Nimepaka grisi juu. Nimemwambia Mzee bolti inalowekwa mafuta ilegee. Marlys akapita, akauliza: shemeji, unaloweka bolti au maharage?

Jumatano, 6 Novemba
Mpango. Hapa Minnesota mtu akipewa kitu hukataa mara mbili, ya tatu ndipo hupokea. Basi nitamkaribisha Marlys kwenye bolti mbele ya Mzee, mara mbili tu. Mzee atamsikia akiikataa kazi kwa kinywa chake. Saa ya kahawa nikasema kwa upole, shemeji, labda ungependa kujaribu wewe. Akasema haya, sogea.
Malezi gani haya. Na mke wangu katoka nyumba ileile.

Alhamisi, 7 Novemba
Marlys kafuta grisi yangu, kamulika tochi, kakiona chuma changu. Akaweka nati juu ya kisiki cha bolti, akaichomelea kupitia tundu lake, akangoja wekundu ufifie, akagusisha mshumaa, nta ikayeyuka ikapenya chini kuilainisha. Spana fupi. Vidole viwili. Ikatoka, na chuma changu tumboni. Mzee kaitundika ukutani, kaandika jina langu chini yake.
Akampa Marlys funguo. Akakataa. Nikasogea. Akampa tena. Akakataa. Nikavua glavu. Ya tatu akapokea. Sasa ndiyo kakumbuka adabu.

Ijumaa, 8 Novemba
Theluji tangu alfajiri. Lori linabadilishwa koleo la mbele, na bolti moja imekwama kwa kutu ya chumvi ya barabarani. Marlys kasema shemeji, nakuomba, usiiguse, nakuja na moto. Anamalizia kahawa kwanza, kando ya jiko.
Nimeifikiria Jumatatu kwa makini na kosa nimeliona. Bomba lilikuwa fupi. Nyuma ya mlango lipo la futi sita.