Tamko la Mfungwa Asiyewahi Kufungwa

Leo nimeumbuka, na mashahidi wapo. Tulikuwa wanne kwenye ufunguzi wa zabuni: mimi, Mama Shirima, mwenye duka la jumla kule Karatu, Mzee Lemayian wa Piyaya, aliyeomba zabuni ya nyama, na Bwana Lazaro, afisa ugavi wa shule moja ya bweni huku Wasso.

Mimi niliomba zabuni ya vitunguu, sawa na Mama Shirima. Vyangu ni vya Mang'ola, vya shamba alilotuachia Baba. Vimeshavunwa, na mlanguzi anavitaka kwa bei ya kutupa. Nikikosa zabuni, mdogo wetu wa mwisho harudi shule.

(Enzi za Baba hakukuwa na fomu. Alimwaga gunia mbele ya mpishi, mpishi akakata kitunguu kimoja, akatoka machozi, wakashikana mikono. Basi!)

Siku hizi kuna tamko la kompyuta, moja kwa wafanyabiashara wote. Unajieleza mwenyewe kama umefilisika, kama unadaiwa kodi. Nililijaza juzi kwenye intaneti ya Karatu, wakanihifadhia kwenye diski. "Umewahi kufungwa kwa udanganyifu?" Nikabofya kisanduku. Ikatokea X. Nikafurahi! Kwa mwalimu wetu wa darasa la tatu, mwenye kalamu nyekundu, X ni kosa. Yaani si kweli. (Niliishia kidato cha pili, wazazi walipofariki, lakini X naijua. Nilizipata nyingi.)

Basi kila penye uovu nikatia X. Penye "Nathibitisha kuwa haya yote ni kweli" sikugusa. Ukweli nao niutie kosa?

Leo Bwana Lazaro akaingiza diski yangu, akasoma kwa sauti mbele ya wote, kama utaratibu unavyotaka.

"Mzabuni ametamka kuwa amefilisika."

Akashuka mstari unaofuata.

"Amewahi kufungwa kwa udanganyifu. Hajalipa kodi. Amewahi kumhonga mtumishi wa umma."

Mzee Lemayian akanigeukia. "Kijana, umetoka lini?"

"Sijaingia, mzee!"

"Na hapa pa kuthibitisha ukweli," Bwana Lazaro akaendelea, "ameacha wazi."

"Kumbe mwizi ana haya!" Mama Shirima akacheka mpaka kitenge kikamdondoka.

Nikaeleza habari za kalamu nyekundu. Ndiyo kwanza wakazidi kucheka! Bwana Lazaro akajifuta macho, akasema tamko likishafunguliwa halirekebishwi. Zabuni ya vitunguu ikaenda kwa Mama Shirima.

Nilitamani kukimbia. Lakini Baba hakuwahi kuondoka kikaoni bila kuaga, akishinda, akishindwa. Nikakaa mpaka mwisho, nikampa kila mtu mkono. Nje, Mama Shirima hakuuachia wangu.

"Mwanangu, vitunguu mimi sina. Nilitaka kuvinunua Arusha. Lete vyako, kwa bei ileile ya shule."

"Na faida yako, mama?"

"Nimeshaipata. Sijacheka hivi tangu nimzike mume wangu."

Mdogo wetu anarudi shule.

Sasa ninyi mnaosoma, acheni kucheka, mnisaidie kufikiri: mama kama huyu analipwa nini?