Mabirika Arobaini na Moja ya Rachelle

Soko la Mpondwe, Bwera
Jumatatu asubuhi

Kwa Mhariri wa ukurasa wa Kumi Bora za Nyumbani

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Uganda, mpakani na Kongo. Natumaini u mzima, wewe na wa nyumbani kwako, pamoja na wote mnaokaa mbele ya kompyuta mkituchagulia sisi tulio mbali pasi nzuri, taa nzuri na zawadi nzuri. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha, maharage yamekubali, mpaka uko wazi na vitenge vinatoka. Mimi ni Anastasie Kahindo, mzaliwa wa Butembo, mwuza vitenge, Mkatoliki, na mwenyekiti wa kila kamati niliyowahi kuingia. Masista walionifundisha walisema barua ya heshima hutenga ukurasa wa kwanza kwa salamu na sifa, matatizo yangoje ukurasa wa pili. Basi hapa nakusifu. Unaandika vizuri. Picha zako zinang'aa. Mungu akuzidishie.

Sasa tumefika ukurasa wa pili. Ndugu Mhariri, umeniharibia mtoto.

Mtoto mwenyewe ni Rachelle, binti wa marehemu kaka yangu. Nimemlea tangu akiwa na miaka sita, amekulia chini ya meza yangu ya vitenge, na kabla ya haya sikuwahi kukaa Jumapili mbili bila kusikia sauti yake. Mwezi uliopita aliolewa na Caleb, mkulima wa mahindi kule Kitswamba, kijana mtaratibu ambaye sina neno naye. Jana imepita Jumapili ya tano na Rachelle hajanipigia simu. Alipaswa awe amekuja kunitembelea zamani, na kitenge cha kumpokea nimekikunja mpaka mikunjo imeanza kufifia rangi. Ndiyo maana nakuandikia.

Huku kwetu, kamati ya harusi ikikaa, kila mtu husimama na kutangaza atakacholeta. Matokeo yake nayajua: mabeseni saba, kijiko hakuna. Mimi nilitaka utaratibu. Mpwa wangu Bénit akanitumia ukurasa wako, "Zawadi Kumi Bora kwa Maharusi wa Leo." Kioo cha simu yangu kina ufa, na kifurushi cha intaneti kiliniishia njiani, lakini namba moja niliiona vizuri: birika la umeme. Nikasema, kama namba moja ni nzuri hivi, huyu mtu anajua kazi yake. Nikaenda kwa Apollo, mwenye duka la kuchapa hapa Bwera, nikasimama juu ya kichwa chake mpaka karatasi ikatoka ikiwa bado na joto, na picha ya birika imejaza nusu yake. Nikamwamuru apige nakala arobaini. Nikazigawa kwa familia arobaini kwa mkono wangu, nikatangaza kwamba asiyefuata karatasi asije.

Haya sasa malalamiko yangu, kwa mpangilio.

1. Umepanga vitu kwa namba, na namba huleta majivuno. Watu wa Bwera wanajulikana. Nani atasimama mbele ya kanisa zima aseme amemletea bibi-arusi zawadi namba saba? Wote walichukua namba moja. Nakala arobaini, mabirika arobaini. Hata Padri alileta, tena jekundu. Jamidah, katibu wa kamati, aliwahi kuinua mkono akitaka kuuliza jambo juu ya ile karatasi, nikamwambia maswali baadaye, kwa sababu namfahamu, angetaka namba moja na nusu. Mabirika yaliisha Bwera. Yakaisha mjini Kasese. Sijawahi kuona watu wazima wenye kiburi kiasi hicho, na nimewaambia hivyo mmoja mmoja, majumbani kwao.

2. Uliandika, nami nanakili neno kwa neno: "Birika hili linafaa kila nyumba." Ndugu Mhariri, umewahi kufika Kitswamba? Nyumba ya Caleb ina sola ndogo juu ya bati, yenye nguvu ya kuwasha taa mbili na redio na kuchaji simu. Siku ya tatu ya ndoa, Caleb akataka kumchemshia mama yake maji ya chai, akachomeka birika lako. Taa zikazima. Redio ikazima. Na redio ilikuwa katikati ya matangazo ya vifo! Ilikuwa imeshataja jina la shemeji yake mama Caleb, wa Nyakiyumbu, bado kutaja siku ya mazishi. Wakakisia. Wakafika siku iliyofuata mazishi, watu wanakunja maturubai. Huku kwetu mtu husamehewa kukosa harusi yake mwenyewe kabla hajasamehewa kukosa mazishi ya shemeji. Mama mkwe, kwa kuchanganyikiwa, alikuwa amebeba birika moja kama rambirambi. Kwa hiyo sasa na wafiwa wanalo.

3. Godoro la Isa. Isa ni jirani yangu sokoni, msafirishaji, Mwislamu mwenye adabu zake. Siku nilipogawa nakala alikuwa Hima akisubiri kupakia saruji, hivyo karatasi hakuiona. Siku ya harusi akaja na pikapu, nyuma kuna godoro jipya, bado liko ndani ya nailoni. Nikamsimamisha getini. Akaniuliza, "Mama Anastasie, lakini hawa watu watalala wapi?" Nikamjibu kwamba hilo halimo kwenye karatasi. Nikamrudisha mbele ya wageni, na mkewe Nasifah amekaa pale mbele, amevaa kitenge nilichomuuzia mimi. Isa hakubishana. Aliendesha mpaka Hima, akapata birika la mwisho lililokuwa rafuni, akarudi nalo tukiwa tumeshakata keki. La arobaini na moja. Tangu siku hiyo ananisalimia kama mtu wa ofisini. Haya yote ni kwa sababu yako.

4. Maharusi wanalala juu ya maboksi. Ndiyo, maboksi ya mabirika, yamepangwa sita kwa manne, juu yake mkeka. Caleb akigeuka, kifuniko kinalia.

5. Sufuria. Rachelle anaazima sufuria ya mama mkwe, na sufuria ya kuazima hurudi na maneno. Mama mkwe amewaambia majirani, "Tuliomba bibi-arusi, tukaletewa duka." Siku ya pili ya ndoa mtoto alinitumia ujumbe mmoja tu kwa Kiswahili cha kwetu Kongo, ambako shangazi ni Tantine, nao ninao mpaka leo: "Tantine, tuko na mabirika makumi ine na moja, sufuria ata moja hatuna." Nikamjibu kwamba asome karatasi aone mabirika hayo yana thamani gani. Hakujibu tena. Nakiri kwamba nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko sala zangu, na unaniuma.

6. Ugonjwa wako wa namba sasa umeenea. Kwaya imejipanga nani sauti bora, na wa tatu amehamia parokia nyingine. Wauza nyanya wamejipanga. Wake wa ukoo wetu wamepanga mashangazi wa Rachelle kwa ubora, nami nimeshika nafasi ya nne. Ndugu Mhariri, mashangazi wake tuko watatu.

Kwa hiyo basi, kwa unyenyekevu, nadai haya. Ufike Kitswamba wewe mwenyewe, na sufuria mkononi, ukae chini mbele ya wazee wa Caleb, ukiri kwamba mimi sikuwa na kosa. Kisha upite Nyakiyumbu uwaeleze wafiwa habari ya redio. Kisha uje sokoni umwombe radhi Isa, nami nitasimama karibu nisikie. Mabirika mtayachukua wenyewe, mgawane hapo ofisini kwenu mlipo na umeme. Na kuanzia leo orodha zako zisiwe na namba moja kabisa. Anza na namba mbili. Watu wakikosa namba moja ya kugombania, watatulia na kununua kinachohitajika. Ukishindwa hata hilo, basi funga ukurasa, utafute kazi nyingine. Nafasi ya kukunja vitenge kwenye meza yangu iko wazi tangu aliyekuwa akivikunja alipoolewa.

Nisalimie wote wa ofisini kwako, wapiga picha, wahesabu namba, na yule anayepika chai, ambaye bila shaka anatumia birika la namba moja. Padri anakusalimu, hajui kwa nini. Jamidah anakusalimu. Isa angekusalimu kama tungekuwa tunaongea vizuri.

Ni mimi niliyeumizwa lakini sijapoteza adabu,

Anastasie Kahindo
Mwenyekiti wa Kamati

N.B. Nilikuwa naifunga bahasha hii Apollo akasimama mbele ya meza yangu na karatasi nne mkononi. Anasema alikuwa anahamisha mashine, akazikuta nyuma yake. Ni zangu, nililipia, nikaondoka na ile ya kwanza kabla nyingine hazijatoka. Nimezisoma hapa hapa nimesimama, wateja wakingoja. Ukurasa wa pili unaanza katikati ya sentensi: "yenye umeme wa uhakika." Halafu ndiyo inafuata namba mbili, ambayo ni sufuria. Namba tatu ni godoro. Namba kumi, Ndugu Mhariri, haina hata picha. Imeandikwa tu: "Kabla ya kununua chochote, waulize maharusi wenyewe wanahitaji nini."

Sasa najua Jamidah alitaka kuuliza nini. Watu wa Bwera hawana kiburi. Walipewa karatasi yenye kitu kimoja na mwanamke wanayemwogopa, wakanunua hicho kimoja, wengine wakaenda mpaka Kasese kukitafuta. Nitapita tena majumbani kwao, mmoja mmoja, na safari hii nitabisha hodi taratibu.

Nimeanza na Isa. Nilimweleza yote, maneno yakanishinda katikati. Ameenda kuleta pikapu, na godoro bado liko ndani ya nailoni; anasema Nasifah alikataa lifunguliwe, alijua lina mwenyewe. Nimepakia sufuria zangu tatu kubwa na kile kitenge cha kumpokea Rachelle. Kisha nikampigia Rachelle, nikamuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza tangu akiwa na miaka sita: mwanangu, unahitaji nini? Akasema, "Tantine, kuya tu." Nije tu, basi.

Isa anapiga honi. Barua hii naituma kwa sababu stempu imeshabandikwa, lakini nakuomba usiichapishe. Kama huna budi, basi chapisha ukurasa wa kwanza peke yake.