Jinsi PANGA Ilivyopanga Mbuzi wa Mwingi

Jumatatu, 1 Julai 1991

Nimemaliza! Lugha ya kompyuta iliyobuniwa na Mkamba, hapa hapa Mwingi, bila mzungu yeyote kunishika mkono. Nimeiita Ndululu Moja, kwa sababu jina langu ni Ndululu na mimi ndiye wa kwanza. Amri zote ni za Kiswahili. ANDIKA inaandika. SOMA inasoma. Na ile kubwa kuliko zote, PANGA: unaipa orodha, nayo inaipanga kuanzia kikubwa hadi kidogo. Leo nimeijaribu. Niliipa 5, 4, 3, 2, 1. Ikatoa 5, 4, 3, 2, 1. Bila kosa hata moja!

Nikamwita Bwana Musembi, prinsipali wa chuo chetu cha ufundi, aje ashuhudie. Akasema ni maajabu. Bahati mbaya alifuatana na Madam Nzilani, mwalimu wa taipu. Huyu mama anaitamani kompyuta tangu siku wamisionari walipoileta, maana ni moja tu, na anataka wanafunzi wake waitumie kuchapa barua. Barua! Akauliza kama orodha niliyoipa haikuwa imeshapangwa tayari. Nikamjibu kwamba orodha nzuri ni nzuri tu. Akasema niichanganye kwanza ndipo nimwite tena.

Wivu mtupu.

Jumanne, 2 Julai

Nimeichanganya. Peke yangu, mlango umefungwa. 3, 1, 5, 2, 4. Ikatoa 5, 4, 3, 2, 1! Sikushangaa, ingawa mwalimu wa useremala alikuja kuuliza nani ameumia.

Tatizo dogo tu la kibodi, lililoanza baada ya hapo. Kile kitufe kikubwa cha kupeleka mstari kimeshikwa na vumbi. Ukikibonyeza mara moja, kinapeleka mara mbili, kwa hiyo kila namba inaingia pacha. Fundi wa redio ameniambia nifungue kibodi nipanguse. Sina wakati wa kupangusa. Nimeiongezea PANGA sheria moja: ikikuta namba ambayo imekwisha kuiona, ifute mstari huo wote. Mapacha kwisha. Ndivyo wavumbuzi wanavyofanya kazi.

Alhamisi, 4 Julai

Habari kubwa. Jumamosi ya wiki ijayo chuo chetu kitafanya Siku ya Mbuzi. Wakulima wataleta mabeberu wapimwe, na mwenye beberu mzito kuliko wote atapewa dume la mbuzi wa Galla, jeupe, la mbegu. Dume linatolewa na Mzee Hersi, mfanyabiashara wa mifugo anayejulikana kutoka hapa hadi Garissa. Anasema anataka wakulima wa huku wawe na mbuzi wa maana.

Bwana Musembi akauliza nani atawapanga mbuzi kwa uzito. Nilikuwa nimesimama kabla hajamaliza swali. Nzilani naye akasimama, akasema kadi na kalamu zinatosha. Prinsipali akatutazama sote wawili, akachoka. Akaamua: Ndululu apange, na akifaulu, kompyuta ni ya darasa lake. Akiharibu, ni ya Madam Nzilani.

Vita!

Jumatatu, 8 Julai

Mzee Hersi alikuja mwenyewe kuona mashine. Nikampa kiti. Nikampa chai. Nikamwambia ataje mbuzi wowote watatu wa boma lake. Akataja beberu wa kilo 45, jike wa kilo 38, na mtoto aliyezaliwa majuzi, kilo 9.

PANGA ikamweka mtoto wa kwanza.

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtoto anakula nini? Na mimi nikanunue."

Nimeshinda mchana kutwa nikitafuta. Kumbe Ndululu Moja inazisoma namba kama vile kamusi inavyopanga maneno: inaangalia kinachotangulia. Tisa inaishinda nne, basi 9 inaishinda 45. Kulitengeneza hilo ni kuandika nusu ya lugha upya. Nimepata njia bora. Nimebandika tangazo langoni: mbuzi wa chini ya kilo kumi hawataruhusiwa. Bwana Musembi ametia sahihi, akisema ni vizuri kuhurumia watoto. Mzee Hersi akauliza je, akija mbuzi wa zaidi ya kilo mia? Nikamwambia huyo Mungu hajamuumba.

Kosa limekwisha, na sikugusa hata mstari mmoja.

Jumatano, 10 Julai

Nzilani anazunguka ofisini akiuliza kama PANGA imepimwa sawasawa. Haya basi! Leo nimeandika amri mpya, KAGUA. PANGA ikimaliza, KAGUA inapita orodha yote kutoka juu hadi chini na kuhakikisha hakuna mzito aliyekaa chini ya mwepesi. Kama hayupo, inaandika SAWA. Kompyuta inajipima yenyewe! Nimeijaribu kwa uzito wa ng'ombe, kwa magunia ya pojo, kwa kimo cha walimu. SAWA, SAWA, SAWA.

Nzilani akaja kuegemea mlango. Akauliza: wakiingia mbuzi kumi, wakatoka watatu, KAGUA itasema nini? Nikafikiri vizuri, maana mimi si mtu wa kukurupuka. Nikamjibu kwamba ikiwa hao watatu wamepangwa vizuri, itasema SAWA, na watakuwa wamepangwa vizuri. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda zake.

Nadhani alikubali.

Ijumaa, 12 Julai

Nimemtafutia Nzilani kazi ya kumweka mbali nami kesho. Nilimnong'oneza prinsipali kwamba mizani inahitaji mtu mwaminifu, na mizani itatundikwa kule nyuma ya karakana ya useremala, ambako skrini haionekani hata ukipanda kiti. Yeye atapima mbuzi na kuita uzito, msichana wa darasa la ushonaji ataniletea. Nzilani akakubali mara moja. Hata akasema asante.

Nimepiga shati pasi. Nimeandaa hotuba.

Jumamosi, 13 Julai

Niandike yote, hata yale ya aibu. Aibu si yangu.

Watu walianza kufika asubuhi. Kelele za mbuzi! Uwanja wote ulijaa, wengine walitoka mbali kama Nuu. Mmoja wao ni mama mmoja mjane, Mumbua, aliyetembea na beberu wake mwekundu tangu jana akalala njiani kwa dada yake. Aliniambia amemlea beberu huyo tangu mama yake alipokufa kwa ukame, amemnywesha uji kwa kikombe. Anataka dume la Galla kwa sababu ya majike aliobaki nao. Nikamwambia, mwaitu, mama yangu, mashine haipendelei mtu.

Uzito ukaja. Nikaandika. Jenereta ikanguruma. Mbele ya prinsipali, pasta na chifu nikabonyeza PANGA. Skrini ikafikiri. Nikabonyeza KAGUA.

SAWA!

Nikasoma kwa kipaza sauti. Wa kwanza, Aftin, kilo 61. Huyu Aftin ni mpwa wa Mzee Hersi. Makofi. Wa pili, kilo 58. Makofi. Nikaendelea mpaka wa mwisho, na makofi yakawa yanapungua. Nilifikiri ni jua. Kumbe watu walikuwa wanasubiri majina yao. Uwanja umejaa mbuzi, na mimi nimekwisha kusoma!

Mumbua akaja hadi kwenye meza, na beberu wake nyuma.

"Mwalimu, mbuzi yangu imekufa?"

Nikamwambia hapana, mwaitu, namwona.

"Basi mbona hujaisoma?"

Nikaangalia skrini. Hayupo. Nikamweleza kwa upole kwamba kwa mujibu wa kompyuta, beberu wake hakuja leo. Akanitazama. Akamtazama beberu. Beberu akanitazama. Kisha yule mama akafunga kamba ya mbuzi kwenye mguu wa meza yangu, akaketi chini, akasema hataondoka mpaka kompyuta imuone.

Wengine nao wakaja. Kila ambaye mbuzi wake alilingana uzito na wa mwenzake aliyetangulia alikuwa amefutwa. Wakafunga kamba zao pale pale. Miguu ya meza ikaisha, wakafunga kwenye kiti changu nami nimekikalia. Nikashika kipaza sauti nikasoma hotuba yangu, kwa sababu ilikuwa tayari. Kwenye maneno "enzi mpya" beberu wa Mumbua aliona jike. Meza ikaondoka. Mimi nikaondoka nayo. Kompyuta ilikuwa inateremka ukingoni Nzilani alipotokea mbio kutoka karakana, akaikumbatia kama mtoto. Sijui nani alimwita.

Akasema, akihema, kwamba beberu mwekundu alimpima yeye mwenyewe, na alikuwa kilo 61 kamili, sawa na wa Aftin. Akaniuliza PANGA inafanya nini ikikuta uzito unaolingana. Nikasema inafuta pacha. Akasema basi hilo ni panga la kukatia miti. Watu wakacheka, hata pasta.

Mzee Hersi akapanda juu ya benchi. Hakutaka kipaza sauti. Akamwambia kila mtu amshike mbuzi wake, asimame kando ya ua, mzito upande wa lango, mwepesi upande wa choo. Kila mtu alikuwa anajua kilo zake. Wakasukumana, wakabishana, wakabadilishana nafasi, waliolingana wakasimama bega kwa bega. Chai ilikuwa haijachemka, wamekwisha kujipanga. Sikupenda ile njia. Haina hata jina.

Wakabaki wawili langoni: Mumbua na Aftin. Mzee akawazunguka wale mabeberu, akapapasa migongo yao. Kisha akamwendea wa mpwa wake, akamvua kengele ya chuma shingoni, kubwa kama kikombe, akaamuru apimwe tena.

Aftin akamwambia mjomba wake, "Abti, hiyo kengele ni ndogo tu."

"Basi haitabadilisha kitu," mzee akamjibu.

Kilo 60. Aftin akatazama chini, halafu akacheka mwenyewe, akaenda akafungua kamba ya dume la Galla na kumkabidhi Mumbua kwa mikono miwili. Yule mama hakupiga vigelegele. Alilishika lile dume masikio, akaweka paji lake kwenye paji la dume, akakaa hivyo. Hata mimi nikashusha kipaza sauti, kidogo.

Halafu nikatangaza kwa kipaza sauti kwamba PANGA ilikuwa imempata mshindi kwa tofauti ya kengele tu. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumatatu, 15 Julai

Prinsipali ameniita. Kompyuta ni ya Madam Nzilani. Nimejitetea kwa hoja. Nimesema mbuzi walikosea kulingana. Nimesema kengele ni udanganyifu. Nimesema KAGUA ilisema SAWA. Akaniuliza kama nina hoja nyingine. Nikasema nitafikiri.

Nzilani mwenyewe alisema niachiwe kompyuta kila Ijumaa mchana. Ati lugha ya Kiswahili ndani ya kompyuta ni wazo zuri, ila nimruhusu anipangie majaribio. Ananiogopa sasa. Nimekataa majaribio, nimeikubali Ijumaa.

Alikipangusa kile kitufe kwa kitambaa na mafuta ya taa. Kinafanya kazi vizuri. Ile sheria ya kufuta mapacha nimeiacha. Nimeizoea.

Ijumaa, 19 Julai

Pasta amekuja! Mwezi ujao kuna mashindano ya kwaya, kanisa letu ndilo mwenyeji, na msimamizi wa kujumlisha alama ameenda Nairobi. Niliona anaelekea darasa la Nzilani, nikamkatia njia karibu na tangi la maji. Nikamweleza kwamba kwaya si mbuzi. Kwaya zina nidhamu. Akauliza kama kweli mashine imepimwa safari hii, maana kuna akina mama ambao wamefanya mazoezi tangu Pasaka. Nikamwambia aingie ajionee kwa macho yake.

Mchana ulikuwa unaisha, nikampimia haraka. Niliandika kwaya yetu peke yake, na alama zake. Nikabonyeza PANGA.

Imetoka ya kwanza.