Sare Isiyo na Mifuko

Jumatatu, 4 Machi
Harusi mwezi ujao, na mchumba wangu muuguzi bado ananiita mpole. Mpole! Kama ng'ombe wa maziwa. Leo wateja wamegombania riwaya humu dukani nikiwapunguzia magauni. Shujaa anamchagulia binti nguo, anamkataza marafiki, anampokonya simu. Wamama wazima wakashusha pumzi, eti wanaume wa hivi wako wapi? Wako hapa, kwenye cherehani! Nimeazima kitabu.

Jumatano, 6 Machi
Nimempigia mara kumi na nne akiwa zamu. Shujaa alipiga ishirini, ila mimi salio liliniishia. Alipopita kuleta sare zake nizipunguze kiuno, nikamwamuru aache urafiki na yule mwenzake mcheshi wa wodini. Akanishika paji la uso, akauliza kama nina homa. Nikamjibu, ndiyo, kidogo. Nimejidharau hadi kucha.

Ijumaa, 8 Machi
Simu siwezi kumpokonya. Ananizidi nguvu, kila siku hugeuza wagonjwa vitandani. Lakini mimi si fundi? Nimeziba mifuko yote ya sare, mshono mara mbili. Simu ataweka wapi? Shingo nayo nimeipandisha mpaka kidevuni, asitazamwe ovyo. Kazi safi, Mungu anaona.

Jumapili, 10 Machi
Kimenuka. Wodini hakuwa na pa kuweka kalamu, mkasi wala glavu, na ile shingo ilimkaba akakaribia kuzimia mbele ya daktari. Amekuja kuniuliza kwa nini. Nikasimama mlangoni, nikakunja uso, nikamwambia wewe ni wangu. Nilidhani atanirukia shingoni kwa mahaba. Akaniomba nimpishe apite. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

Jumanne, 12 Machi
Harusi hakuna. Shangazi yake ameleta pete ndani ya bahasha. Nimelia mpaka gauni la mteja limelowa. Nani atanitaka tena mimi? Nikamsihi shangazi aniambie hasira zitapoa lini. Akasema, mwanangu, hasira hana, anakuogopa. Simu ikiita tu anatetemeka. Akaondoka bila kukaa.

Nimekaa na pete mkononi, roho imekufa ganzi. Halafu nikaanza kufikiri. Anatetemeka! Yule binti wa kitabuni si alitetemeka ukurasa mzima, ndipo akajua anapenda? Miaka miwili ya upole sikumtetemesha hata mara moja. Maskini, kumbe mapenzi ndiyo kwanza yamempata.

Kesho alfajiri nitamsubiri kwenye geti la hospitali.